Sina Maabara, Nina Choo

Kwenye sherehe ya kumuaga binti wa rafiki yangu, hapa Texas, mama mmoja alinitambulisha meza nzima: "Huyu ndiye dada yetu mwenye maabara." Watu wakageuka kwa heshima. Nikamwambia, "Dada, mimi sina maabara. Nina choo." Wakacheka, wakadhani natania.

Sikuwa natania. Choo changu kina maji ya buluu kwenye bakuli, ili mtu asichote akachanganya na mkojo wake. Bomba la kunawia limefungwa kwa utepe, sabuni imetolewa, ndoo ya taka imeondolewa. Anayekuja kupimwa dawa za kulevya huvua koti na kofia, hutoa vilivyomo mifukoni, hunawa mikono mbele yetu, ndipo anapewa kikombe. Akitoka tuna dakika nne za kusoma kibandiko cha joto pembeni ya kikombe: kati ya nyuzi 32 na 38. Tunagawa mkojo mbele ya macho yake, mililita 30 chupa ya kwanza, 15 chupa ya pili, tunabandika lakiri, tunaandika tarehe, naye anaweka herufi za jina lake juu ya lakiri. Jioni kifurushi kinapanda ndege kwenda kwenye maabara ya watu wengine, katika jimbo jingine, ambako sijawahi kukanyaga. Sisi hatupimi kitu. Tunachouza ni mikono inayoshika kikombe na karatasi inayoeleza nani alikishika.

Ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa hilo, na nililielewa kwa kugawa mikono hiyo kwa watu nisiowajua.

Nilifika Marekani nikitokea Tanga. Nikabeba boksi kama wenzangu, kisha nikasomea kutoa damu, nikafanya kazi hospitalini zamu za usiku. Mume wangu anaendesha lori. Siku moja alirudi amenuna: ameitwa kupimwa kwa kushtukiza, amekaa saa tatu kwenye kliniki iliyojaa watoto wenye mafua. Akasema, "Wewe ungefanya hii kazi vizuri zaidi." Maneno ya mezani tu, lakini yakanikaa. Baada ya mwaka na nusu wa kuhesabu akiba, tulinunua franchaizi, yaani haki ya kutumia jina la kampuni kubwa ya vipimo, mfumo wake wa kompyuta na mikataba yake na maabara, ndani ya eneo lenye mipaka.

Hapa kuna jambo ninalomwambia kila Mswahili anayenijia na wazo kama langu. Sheria ya Marekani inamlazimu muuzaji wa franchaizi akupe kitabu cha maelezo chenye vipengele 23, ukae nacho angalau siku 14 kabla hujasaini wala kulipa. Wengi huruka moja kwa moja kwenye kipengele cha 19, kama kimejazwa, maana hapo ndipo penye hesabu za mapato. Mimi pia niliruka. Vilivyokuja kunitesa ni vya 6, 8 na 12: ada, watoa huduma unaoruhusiwa kuwatumia, na ramani ya eneo lako. Kilichonisaidia ni cha 20, chenye orodha ya walioacha biashara pamoja na namba zao za simu. Niliwapigia. Mmoja, mzee mwenye sauti ya uchovu, aliniuliza swali moja tu: "Mteja wako akiwa nje ya ramani utafanyaje?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba nitatafuta mshirika. Akaguna, akanitakia heri.

Wateja wangu wa kwanza walikuwa wenye malori, na wengi wao ni watu wetu: Wakenya, Wakongo, Wasomali, Watanzania wachache. Kazi ipo kwa sababu ya sheria. Mwaka 1987 treni mbili ziligongana huko Chase, Maryland, watu 16 wakafa, na ikabainika waliokuwa wakiendesha mojawapo walikuwa wamevuta bangi. Bunge likapitisha sheria ya upimaji mwaka 1991, na leo kampuni ya malori lazima kila mwaka ifanye vipimo vya kushtukiza vya dawa za kulevya visivyopungua nusu ya idadi ya madereva wake. Mwenye madereva 40 ana vipimo 20 kwa mwaka, bado hujahesabu vya kabla ya ajira na vya baada ya ajali.

Shida ni kwamba dereva hakai ofisini. Kompyuta inachomoa jina, na mwenye jina hilo yuko Laredo anasubiri mzigo, au Amarillo, au El Paso. Kutoka kwangu Dallas hadi El Paso ni zaidi ya kilomita 1,000, karibu kama Dar es Salaam na Mwanza, na bado uko ndani ya jimbo lilelile. Siwezi kumwambia ageuze lori aje kwangu kukojoa. Akiwa ndani ya eneo la mwenzangu wa franchaizi ileile, nampa yeye na tunagawana. Kama hakuna mwenzangu, natafuta kliniki au mtu wa nje. Basi nikaanza kutafuta.

Nilitafuta kama mtu anayenunua embe gizani. Niliandika jina la mji kwenye simu, nikapiga, nikauliza bei, nikauliza saa za kufungua. Bei ikiwa nzuri, mshirika amepatikana. Kwa mwezi mmoja nilikuwa na kliniki kumi na moja kwenye daftari, nikajiona nimejenga mtandao.

Kliniki ya tisa ndiyo iliyonifundisha adabu. Kijana mmoja kutoka Bukavu alikuwa ameajiriwa na kampuni ya mteja wangu. Alikuwa kwenye mafunzo ya kuanza kazi katika mji wa magharibi mwa Texas, analala hotelini kwa gharama za kampuni, na lori lake limeshatengwa. Kwa kipimo cha kabla ya ajira, bila majibu safi dereva hagusi usukani. Nikampeleka kwenye kliniki ile. Alikwenda, akakojoa, akasaini, akarudi hotelini. Siku mbili baadaye maabara ikaikataa sampuli. Aliyeichukua hakuandika jina lake kwenye fomu ya makabidhiano, wala hakusaini. Akisahau saini lakini jina lipo, kosa hilo hurekebishika kwa maelezo ya maandishi. Vyote viwili vikikosekana, sampuli imekufa, na daktari mhakiki, yule anayepitia majibu ya maabara kabla hayajafika kwa mwajiri, hana la kufanya ila kufuta kipimo. Mwajiri akaambiwa kijana apimwe upya. Lakini lori halikumsubiri. Mwingine alishapewa, na kijana akarudishwa Dallas kwa basi.

Alinipigia akiwa ndani ya basi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mama, mimi nilikojoa. Chupa ilijaa. Sasa kosa yangu iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Fomu ile ilikuwa na jina la biashara yangu juu, na mteja alinijua mimi tu. Ile kliniki, nilipopiga, mwanamke wa mapokezi aliniambia kwa upole kabisa kwamba siku ile mchukua sampuli wao hakuwepo, yeye "alisaidia tu".

Alisaidia tu! Sheria za Idara ya Uchukuzi hazina nafasi ya kusaidia. Anayechukua sampuli ya dereva lazima awe amesomea, na lazima awe amefanya mazoezi matano mfululizo bila kosa mbele ya msimamizi anayestahili, matatu kati ya hayo yakiwa ya hali ngumu. Kila baada ya miaka mitano anarudia. Akisababisha kipimo kufutwa, ana siku 30 za kufundishwa upya juu ya kosa lilelile. Haya yote niliyajua, maana mimi mwenyewe niliyapitia. Ila kwenye simu niliuliza bei.

Nikaanza upya. Nilifuta daftari lote na kupiga tena, safari hii nikiomba vyeti vya watu badala ya leseni ya kliniki. Kliniki haina mikono. Nilitaka jina la kila atakayeshika kikombe, tarehe aliyomaliza mazoezi, na jina la wa akiba siku huyo akiumwa. Kliniki nne hazikunirudia, na mbili zilinijibu kwa hasira. Moja ilinitumia cheti kilichokwisha muda wake, na mtumaji wala hakushtuka. Zikabaki nne, na nikasafiri kuziona zote kwa zamu, mume wangu akinipa lifti kwenye lori kila njia ilipoangukia.

Ukifika mahali unaona mambo ambayo simu haikuambii. Kliniki moja ilikuwa na vyeti safi, ukuta umejaa, lakini choo chake kilikuwa na bomba mbili na dirisha kubwa linalofunguka kwenye maegesho. Nyingine ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la matairi, nikataka kugeuza pale pale mlangoni. Nikakaa nusu saa nikimtazama mzee wa pale akimhudumia dereva. Alimsomea namba ya kwenye fomu, akamwonyesha namba ya kwenye lakiri, akamwambia, "Zifananishe mwenyewe." Namba hizo zikipishana, sampuli hutupwa. Yule mzee bado ni mshirika wangu, na sijawahi kufutiwa kipimo hata kimoja kutoka kwake.

Tatizo la pili sikulitarajia kabisa, nalo ni saa. Dereva akishindwa kutoa mkojo wa kutosha, kanuni inampa muda wa hadi saa tatu, na katika muda huo anahimizwa kunywa maji, yasizidi takriban lita 1.2. Haruhusiwi kuondoka. Akiondoka kwa hiari yake kabla shughuli haijaisha, inaweza kuhesabiwa kuwa amekataa kupimwa, na kukataa ni sawa na kukutwa na dawa. Sasa fikiria kliniki inayofunga saa kumi na moja jioni, na dereva amefika saa kumi. Kikombe kina mililita 20. Saa moja baadaye mhudumu anachukua funguo, anamwambia, "Nenda, rudi kesho."

Dereva wangu mmoja alitii. Asubuhi mwajiri wake alikuwa ameshaanza kuandaa taarifa ya kukataa. Tangu Januari 2020 kuna daftari la kitaifa la madereva waliokutwa na dawa au pombe, au waliokataa kupimwa, na tangu Novemba 2024 jimbo linakunyang'anya leseni ya lori jina lako likikaa humo vibaya. Nilihangaika siku mbili kupata barua ya mchukua sampuli kukiri kwamba yeye ndiye aliyemruhusu kuondoka. Aliiandika, namshukuru, ingawa ilibidi niongee na mkubwa wake mara tatu. Tangu siku hiyo mkataba wangu una sentensi fupi: hakuna sampuli ya dereva inayoanzwa chini ya saa tatu kabla ya kufunga, na ikianzwa, mnakaa. Kliniki moja ilisema haiwezi. Nikawaambia sawa, tuachane salama.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, maana kila mtu ana hesabu zake, lakini kuna mtego mmoja ambao niliingia kichwa kichwa. Ada ya kila mwezi ya franchaizi inakatwa kwenye mauzo, haikatwi kwenye faida. Mteja akinilipa kwa kipimo cha El Paso, pesa yote inahesabiwa mauzo yangu, hata sehemu ninayompa mshirika siku hiyohiyo. Kwa hiyo nalipia ada pesa ambayo imepita tu mkononi. Ukiongeza gharama ya maabara, ya daktari mhakiki na ya kifurushi, kuna vipimo vya nje ambavyo nilikuwa nafanya kwa hasara huku nikijisifu kwamba biashara inakua. Nilikuja kuligundua usiku mmoja jikoni kwa kalamu na bahasha ya bili ya umeme. Sasa bei ya nje ya ramani ni tofauti na bei ya nyumbani, na mteja anaambiwa sababu mapema.

Na kuna mmiliki mmoja wa kliniki, mtu mcheshi sana, aliyependekeza nimlipe kwa kila kichwa atakachoniletea kwa vipimo vya damu vya bima. Kwetu huo ungekuwa ushirikiano wa kawaida, tungekunywa soda na kupeana mikono. Mwanasheria wangu alinikatiza kabla sijamaliza kueleza. Kuna sheria ya mwaka 2018 inayogusa malipo ya kuelekeza wagonjwa maabara, adhabu yake ni hadi miaka 10 jela na faini hadi dola 200,000 kwa kila tukio. Nilimlipa mwanasheria yule saa moja ya kazi bila kununa.

Wa kumsifu kuliko wote hana hata jengo. Ni bibi mmoja mwenye gari dogo, anafanya kazi hii peke yake kwenye barabara kuu ya I-20. Kwenye buti ana vidonge vya kutia buluu majini, utepe wa kufungia bomba, meza ya kukunja, mashine ya pumzi ya kupima pombe, na fomu kwenye mfuko usiopitisha maji. Mteja wangu alipata ajali usiku wa manane, mtu alifariki. Katika hali hiyo kipimo cha pombe lazima kifanyike ndani ya saa nane, na kikipita saa mbili mwajiri aandike sababu. Dawa za kulevya ni ndani ya saa 32. Nilimpigia saa nane na dakika kumi usiku. Aliuliza mambo mawili: dereva yuko wapi, na kuna choo gani karibu. Alipofika kituo cha mafuta alimwomba mwenye duka afunge choo kwa wateja, akabandika utepe, akafanya kazi. Asubuhi nakala ya mwajiri na ya daktari mhakiki zilikuwa zimeshafika. Sijui kliniki yenye wafanyakazi kumi ingefanya nusu ya hapo. Namlipa zaidi ya anachodai, na hilo mume wangu haliafiki, lakini yeye hakuwa macho usiku ule.

Upande wa vinasaba ndiko nilikopata picha kamili ya jinsi kazi ya mikono mingi inavyopaswa kwenda. Mama wa Kikongo anakuja, mtoto wake yuko Kigoma, ubalozi wa Marekani umependekeza kipimo cha vinasaba kuthibitisha uzazi kabla ya viza. Mimi nachukua mate ya mama kwa kijiti cha pamba ndani ya shavu, mbele ya kitambulisho chake. Vijiti vya mtoto sivioni kabisa. Maabara, ambayo lazima iwe na ithibati ya AABB, shirika linalokagua maabara za aina hii, inavituma yenyewe kwa ubalozi, mtoto anachukuliwa sampuli chini ya usimamizi wao, na vinarudi maabara bila kupita kwenye mkono wa ndugu yeyote. Majibu pia huenda ubalozini moja kwa moja.

Watu huniomba: "Dada yangu, nipe tu hivyo vijiti. Kuna mtu anasafiri wiki ijayo. Shangazi yake atampangusa mtoto, wewe unatujua." Nawajua, ndiyo. Nimekula kwao pilau. Na kila mara nakataa, na kuna mama mmoja hakunisalimia kanisani kwa miezi. Lakini nilipokuwa namkatalia, nikaona aibu. Mbona kwa vinasaba naelewa mara moja kwamba mkono usiojulikana unaharibu kila kitu, na kwa mkojo wa dereva wa El Paso nilikuwa nauliza bei?

Ushirikiano mwingine ulivunjika kwa mambo madogo. Kliniki moja ilikuwa inawapa madereva wangu kadi zao za biashara, na baada ya miezi mitano mteja akahamia kwao. Mkataba wangu haukuwa umesema lolote, nikameza. Nyingine ilitaka sampuli ziende kwenye maabara inayompa mmiliki bei nafuu, wakati mimi nimefungwa na orodha ya franchaizi. Hiyo haikufika hata wiki.

Yule kijana wa Bukavu nilimlipia nauli na kipimo cha pili kutoka mfukoni mwangu, kwangu mwenyewe, na mkono wangu ndio ulioshika kikombe. Alipata kazi kwa kampuni nyingine. Miaka ikapita. Mwaka jana alinunua lori la pili, akaanza kuajiri, na akaja na dereva wake mpya, binamu yake. Siku hiyo kaunta alikuwa msichana niliyemwajiri karibuni, mwepesi wa mikono, mwenye haraka kidogo. Alimaliza, akang'oa nakala ya tano, ile ya anayepimwa, akampa binamu. Kijana wa Bukavu akamnyang'anya binamu karatasi, akaisoma kuanzia juu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, watu watatu wakisubiri nyuma yake. Kidole kikasimama. Akaigeuza karatasi, akamwelekezea msichana wangu juu ya kaunta.

"Jina yako iko wapi?"

Lilikuwepo, limefifia kwa sababu kalamu haikukandamizwa. Msichana akavuta nakala ya juu ambayo ilikuwa haijaingia kwenye mfuko, akamwonyesha wino. Akaitazama, akamrudishia, akamwambia binamu yake twende.